Kiunzi na Upatanisho wa Ngeli: Uhakiki wa Zana za Kuanzishia Vijenzi vya Violesura katika Mifumo ya Afya ya Busia na Tororo

Ikisiri

Mifumo ya kumbukumbu za afya inayotumika pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda huandikwa kwa vijenzi vya JavaScript vinavyoweza kutumika tena na tena. Vijenzi hivyo haviandikwi kutoka patupu. Huanzishwa kwa zana zinazozalisha kiunzi, yaani mafaili na mpangilio wa mwanzo ambao mwandishi wa programu huujaza baadaye. Makala haya yanahakiki viunzi viwili, cha DHIS2 na cha OpenMRS, kwa kuvisoma kama matini zenye dhana zake kuhusu lugha. Hoja kuu ni kwamba viunzi hivi hufungua mlango wa tafsiri huku vikiwa vimechukulia kwamba nomino ya lugha yoyote inaweza kuchomekwa katika sentensi bila kugusa maneno mengine. Kwa Kiswahili, dhana hiyo ni kosa la kisarufi na, katika zahanati, ni hatari. Makala yanapendekeza kosa hilo lirekebishwe katika kiunzi chenyewe na si katika hatua ya tafsiri.

1. Utangulizi

Mji wa Busia ni mmoja kwa maisha na ni miwili kwa sheria. Upande wa mashariki ni makao makuu ya Kaunti ya Busia nchini Kenya. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia nchini Uganda. Kaskazini yake, njia ya pili ya mpakani hupita Malaba, ambako upande wa Uganda ni Wilaya ya Tororo na upande wa Kenya bado ni Kaunti ya Busia. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mstari. Wajopadhola wana kitovu chao Tororo. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili mwezi Februari 2018, na shehena inayopita hapo hukaguliwa kwa utaratibu mmoja. Mgonjwa naye huvuka: anayeanza dawa upande mmoja aweza kuendelea nazo upande wa pili, kutegemea kazi, ndoa au soko.

Mifumo inayohifadhi kumbukumbu za mgonjwa huyo ina ukoo mmoja. OpenMRS ilianza mwaka 2004 na ikawekwa kazini Eldoret mwaka 2006 ndani ya mpango wa AMPATH, ambao huduma zake zilifika Kaunti ya Busia. Kutokana na msingi huo Kenya ina KenyaEMR na Uganda ina UgandaEMR. Kwa takwimu za jumla, Kenya ilisambaza DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchi nzima mwaka 2011, na Uganda ikafuata mwaka 2012. Kwa hiyo karani wa zahanati upande wa Kenya na mwenzake wa upande wa Uganda hubofya vitufe vilivyotoka katika karakana moja.

Kwa upande wa sheria, Kiswahili kinatambuliwa pote. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya 2005 yanakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Swali linaloulizwa hapa ni je, karakana hiyo moja imeacha nafasi ya kisarufi kwa lugha ambayo sheria za nchi zote mbili zimekwisha kuitambua?

2. Kiunzi kama mwandishi wa kwanza

Kijenzi cha kiolesura ni kipande cha programu kinachojitegemea: kitufe, orodha ya kuchagua, kisanduku cha tarehe, taarifa inayojitokeza baada ya kazi kukamilika. Thamani yake ni kwamba huandikwa mara moja na kutumika mahali pengi. React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ndiyo iliyoeneza zaidi mtindo huo, na viunzi vyote viwili vinavyohakikiwa hapa vimejengwa juu yake.

Ili kijenzi kifanye kazi huhitaji mambo mengi kukizunguka: mpangilio wa makabrasha, kanuni za kukusanya msimbo, majaribio, orodha ya maktaba tegemezi. Zana za kuzalisha viunzi ziliibuka kuondoa mzigo huo. Yeoman ilikuja mwaka 2012, Create React App mwaka 2016, na Vite mwaka 2020. Mwandishi wa programu huandika amri moja, hujibu maswali machache, na baada ya muda mfupi hupata mradi unaokwenda. Anayejifunza hupata pia mfano wa namna ya kuandika, na mfano huo ndio anaouiga katika vijenzi vyote vinavyofuata.

Hapa pana tofauti ambayo washauri wa sera huipita haraka. Maktaba na kiunzi si kitu kimoja. Kosa likigunduliwa katika maktaba, hurekebishwa mahali pamoja, na miradi inayoitegemea hupata marekebisho kwa kuchukua toleo jipya. Kiunzi hunakiliwa. Baada ya kunakiliwa, faili la mradi halina tena uhusiano na chimbuko lake, na kosa lililokuwamo huishi katika kila nakala, likisubiri kusahihishwa mkono kwa mkono. Ndiyo maana uamuzi mdogo ndani ya kiunzi una uzito kuliko uamuzi mkubwa uliofanywa baadaye. Kiunzi ni mwandishi wa kwanza wa kiolesura, na kwa kuwa jina lake halionekani popote, ni nadra ahakikiwe.

3. Viunzi viwili na mifano yake

Kiunzi cha DHIS2 huzalisha programu ndogo inayomsalimu mtumiaji kwa jina lake. Maneno ya salamu hayakuandikwa wazi. Yamepitishwa katika kazi maalumu ya tafsiri, na maneno ya Kiingereza hukusanywa katika faili la en.pot ndani ya kabrasha la lugha. Hilo ni jema, na lisifiwe. Mwandishi anayeanza hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba maneno yanayosomwa na mtumiaji hayapaswi kufungwa ndani ya msimbo.

Lakini mfano wenyewe una upungufu unaofichwa na usahili wake. Salamu huacha nafasi tupu, na jina la mtu huchomekwa humo. Jina la mtu anayesalimiwa ni miongoni mwa mifano michache ambamo kuchomeka neno hakuisumbui sarufi ya Kiswahili, kwa sababu hakuna kitenzi wala kivumishi kinachopaswa kupatana nalo. Mwandishi aliyejifunza kwa mfano huo huendelea mbele akiamini kwamba nafasi tupu hupokea neno lolote. Kesho yake huandika taarifa ya kufuta rekodi, huacha nafasi tupu, na kuchomeka jina la kitu. Kiunzi hakikumwambia afanye hivyo, kilimzoesha.

Upungufu wa pili ni kwamba katika DHIS2 sentensi ya Kiingereza ndiyo ufunguo wa tafsiri. Ikibadilishwa, hata kwa kuondoa kituo, tafsiri zilizofungamana nayo hupoteza ufunguo wake. Kiswahili hapa hakiwi lugha ya pili kwa cheo tu; kinategemea Kiingereza kisibadilike ili kiendelee kuonekana kwenye skrini.

OpenMRS, katika kizazi chake cha tatu ambacho KenyaEMR na UgandaEMR zimekifuata, hutoa ghala la kiolezo ambalo hunakiliwa na kubadilishwa jina. Humo mna faili la njia za kurasa, faili la usanidi na kabrasha la tafsiri lenye en.json. Kila tamko lina ufunguo wake wa kudumu na tamko la Kiingereza kama chaguo la akiba, hivyo Kiingereza kinaweza kurekebishwa bila kuvunja lugha nyingine. Vijenzi vya msingi, kama vitufe na majedwali, vinatoka katika Carbon, mfumo wa usanifu wa IBM. Sifa yake kubwa ni nafasi za upanuzi: Uganda inaweza kuongeza kipande chake katika ukurasa wa mgonjwa bila kugusa msimbo wa Kenya, na Kenya vivyo hivyo.

Katika suala la nafasi tupu, hata hivyo, viunzi hivi viwili vina dhana moja. Vyote viwili hutoa njia ya kubadilisha maneno. Hakuna kinachomdokezea mwandishi kwamba neno linaloingia linaweza kuyadai maneno yaliyo nje yabadilike.

4. Utumikaji tena dhidi ya upatanisho

Kijenzi cha taarifa kinachosema kwamba kitu fulani kimehifadhiwa ni mfano mzuri, kwa kuwa hujitokeza kila karani anapomaliza fomu. Katika Kiingereza kitenzi hakibadiliki hata nomino ikibadilika, kwa hiyo tamko moja lenye nafasi tupu linatosha kwa mfumo mzima. Katika Kiswahili nomino huamua umbo la kitenzi: fomu imehifadhiwa, kipimo kimehifadhiwa, agizo limehifadhiwa, ujumbe umehifadhiwa, matokeo yamehifadhiwa. Nomino tano zimedai viambishi vitano. Mfasiri aliyepewa tamko moja analazimika kuchagua kiambishi kimoja na kukubali kwamba kitakuwa kosa mahali pengi.

Tatizo halikomi kwenye vitenzi. Orodha ya kuchagua huwa na chaguo la kuonyesha kila kitu, ambalo katika Kiingereza ni neno moja. Kiswahili kitauliza: wote, zote, vyote au yote? Chaguo la kitu kisichotajwa katika orodha huwa mwingine, nyingine, kingine au jingine. Maneno haya ni mafupi, na kwa sababu ya ufupi wake waandishi wa programu huyaweka katika faili la pamoja ili yatumike kila mahali. Kadiri kijenzi kinavyotumika tena zaidi, ndivyo kinavyoikosea lugha ya ngeli mara nyingi zaidi. Sifa inayotukuzwa katika uhandisi ndiyo chanzo cha kasoro katika sarufi.

Zaidi ya umbo, mna maana. Tamko la mgonjwa amehifadhiwa lina upatanisho sahihi, lakini masikioni mwa msemaji wa Kiswahili linaelekea kwenye chumba cha maiti. Dawa imehifadhiwa, katika dirisha la famasia, inaweza kueleweka kwamba dawa imewekwa kabatini, ilhali kilichotokea ni kwamba maelezo ya daktari yameandikwa. Tamko sahihi ni taarifa za mgonjwa zimehifadhiwa, na maelezo ya dawa yamehifadhiwa. Mfasiri hawezi kufika hapo kama amepewa kitenzi peke yake, kimekatwa kutoka kwa nomino yake na kutoka kwa chumba kitakamosomwa.

Mfano wa tatu ni saa. Kijenzi cha kupanga miadi huonyesha 8:00, na msemaji wa Kiswahili huisoma saa mbili asubuhi bila kusita, kwa kuwa amezoea kubadilisha kichwani. Mambo huharibika pale kijenzi kinapobandika neno saa mbele ya tarakimu ileile. Saa 8:00 ni maneno ya Kiswahili yaliyokamilika, na maana yake ni alasiri. Mgonjwa aliyeandikiwa kunywa dawa kila siku kwa saa maalumu, au aliyesafiri kutoka Tororo kuwahi kliniki, hatakuwa na sababu ya kushuku karatasi aliyochapiwa.

5. Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa ni kwamba wahudumu wa afya wa nchi zote mbili wamesomeshwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo kiolesura cha Kiingereza kinawatosha. Ni kweli kwa daktari na muuguzi. Lakini vijenzi havionekani kwa daktari tu. Ujumbe wa simu wa kukumbusha miadi, kadi inayochapwa na fomu ya mhudumu wa afya wa jamii hutokana na matamko yaleyale. Yakiwa na makosa, msomaji wake ni yule asiye na Kiingereza cha kuyasahihishia.

Hoja ya pili ni kwamba mfasiri hodari anaweza kulikwepa tatizo. Anaweza kuandika uhifadhi umekamilika, na nomino ikafuata baada ya nukta mbili. Mbinu hiyo ni halali na inafaa kutumika pale ambapo msimbo hauwezi kubadilishwa leo. Hata hivyo haifai kwa wote na zote, wala kwa mwingine na kingine. Isitoshe, inakifanya Kiswahili cha kiolesura kuwa lugha ya vichwa vya habari, isiyo na sentensi, kwa sababu tu chombo hakikutengewa nafasi ya sentensi.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: kwamba haiwezekani kiunzi kimoja cha dunia nzima kikidhi sarufi ya kila lugha. Jibu limo ndani ya mfumo wenyewe wa OpenMRS. Anwani ya mgonjwa Kenya hufuata kaunti, kaunti ndogo na wadi. Uganda hufuata wilaya na ngazi zake hadi parishi na kijiji. Wajenzi hawakuchagua ngazi za nchi moja na kuziambia nyingine zitafsiri. Waliifanya ngazi ya anwani kuwa kigezo kinachojazwa na kila nchi. Walitambua mapema kwamba utawala wa nchi hutofautiana, na kwa kuwa walitambua mapema, gharama ilikuwa ndogo. Sarufi haikupewa heshima iliyopewa ramani.

Wala nyenzo si ngeni. Maktaba ya i18next ina utaratibu wa muktadha, unaoruhusu ufunguo mmoja kuwa na matamko kadhaa kulingana na neno la ziada linalopitishwa. Kiwango cha ICU MessageFormat kina utaratibu wa kuchagua tamko kwa kigezo, ambao umekuwa ukitumika kwa jinsia ya kisarufi katika lugha za Ulaya. Taratibu hizo hupokea ngeli kama zinavyopokea jinsia. Kinachokosekana ni mfano ndani ya kiunzi unaomfundisha mwandishi kuzitumia. Faida yake haitaishia kwenye Kiswahili pia. Kisamia na Kiganda ni lugha za ngeli. Kifaransa, kinachotumika katika nchi nyingi zenye DHIS2, kina jinsia inayodai upatanisho wa namna hiyohiyo.

6. Mapendekezo

Pendekezo la kwanza ni kwamba eneo hili lisijenge kiunzi chake kipya. Create React App, iliyoanzishia miradi isiyohesabika, ilitangazwa rasmi mwezi Februari 2025 kwamba imefikia mwisho wake, ingawa ilitoka kwa kampuni yenye uwezo mkubwa. Kiunzi cha wizara mbili kisicho na watunzaji wa kudumu kitakuwa gofu mapema zaidi. Njia yenye tija ni kuchangia katika violezo vya OpenMRS na DHIS2 vilivyopo, ambavyo msimbo wake uko wazi na hupokea michango.

La pili, mfano wa mwanzo ubadilishwe. Pamoja na salamu yenye jina la mtu, kiunzi kizalishe taarifa moja yenye nomino ya kawaida, na kijenzi chake kipokee nomino pamoja na ngeli yake. Faili la sw lizalishwe sambamba na faili la Kiingereza, likiwa na matamko ya ngeli zinazotokea zaidi katika kazi ya afya. Hiyo ni mistari michache ya msimbo, lakini kila mradi utakaonakiliwa baadaye utaichukua.

La tatu, pawe na faharasa ya pamoja ya istilahi za violesura vya afya, kila istilahi ikiwa na ngeli yake na umbo lake la wingi. Kazi hiyo inastahili kuratibiwa na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao Zanzibar, ikishirikiana na wizara za afya. Msimbo wa lugha unaruhusu sw iwe msingi, na sw-KE pamoja na sw-UG zibebe tofauti za nchi, kama vile majina ya ngazi za vituo vya afya.

La nne, mikataba ya kununua au kuendeleza mifumo iwe na kipimo cha upatanisho kabla ya mfumo kupokewa. Kipimo chenyewe ni chepesi: mgonjwa, kipimo, agizo, dawa, ujumbe na matokeo vipitishwe katika kila kijenzi kinachopokea nomino, na matamko yasomwe na mjuzi wa Kiswahili. Kijenzi kinachotoa hata tamko moja lisilopatana kirudishwe kwa mjenzi, kama kinavyorudishwa kinapokosea hesabu ya dozi.

7. Hitimisho

Makala haya yamehakiki viunzi ambavyo kwa kawaida huonwa kuwa kazi ya mafundi tu, na yameonyesha kwamba ndani yake mna nadharia ya lugha ambayo haikutajwa wala kujadiliwa. DHIS2 na OpenMRS zimefanya kazi kubwa ya kutenga maneno na msimbo, na kwa hilo zimewafikia wafasiri nusu ya njia. Nusu iliyobaki si ya wafasiri. Wataalamu wa isimu wa Kiswahili wamezoea kuitwa mfumo ukiwa umekwisha, wapewe orodha ya maneno, na waulizwe kwa nini Kiswahili kina viambishi vingi. Mahali pao ni mwanzoni, pale faili la kwanza linapozalishwa, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hunakiliwa pande zote mbili za mpaka kila mradi mpya unapoanza.